Nukta Mwanzo wa Mstari

Joe Ossanna alifariki dunia Novemba 1977, akiwa na miaka 48. Alikuwa mhandisi wa Bell Labs, huko Murray Hill, New Jersey. Aliacha programu ya kupangia chapa iitwayo troff: maelfu ya mistari ya lugha ya C, karibu yote bila neno la maelezo.

Fundi cherehani akiondoka ghafla, kitambaa hubaki kimekatwa, kimekunjwa juu ya meza, na vipimo amekwenda navyo kichwani. Anayeshika kazi baada yake hugeuzageuza vipande, akimtafuta marehemu ndani ya mkato wa bega. Aliyeketi kwenye cherehani ile alikuwa mwenzake, Brian Kernighan. Mnamo 1979 alianza kuipitia kazi hiyo mstari kwa mstari, na kila alipokwama hakuwa na wa kumuuliza. Naamini hayo nayo yalikuwa matanga. Kuna watu tunaowafahamu vizuri zaidi baada ya kuwazika, kwa sababu ndipo tunapolazimika kumalizia walichokianza.

Ossanna alikuwa miongoni mwa waliopendekeza kompyuta itumike kuandalia nyaraka za idara ya hataza, na kazi hiyo ndiyo iliyowapatia vijana wa Unix, mfumo wa kompyuta uliokuwa ukiundwa hapo Bell Labs, mashine ya kukulia. Troff aliiandika kwa ajili ya mtambo mmoja tu, CAT, uliopitisha mwanga kwenye filamu na kuchoma herufi juu ya karatasi ya picha. Ulibeba aina nne za herufi, kila aina alama 102, basi. Kernighan aliifungua programu kutoka kwenye mtambo huo ili iweze kuzungumza na mitambo mingine. Asingefanya hivyo, ingezikwa pamoja na CAT.

Donald Knuth, aliyeunda TeX, programu nyingine ya kupangia chapa, yeye amejiandalia wosia. Namba ya toleo la programu yake hukaribia pai, ile namba ya hisabati isiyo na mwisho, tarakimu kwa tarakimu, na ameagiza kwamba siku akifa namba hiyo iwe pai yenyewe, na kosa lolote litakalokuwa limebaki lisiguswe tena na mtu. Ninamheshimu kwa hilo. Ila wengi wetu huondoka kama Ossanna, kazi ikiwa bado mkononi.

Nayasema haya kwa sababu ya kijitabu cha mazishi ya mama. Nilikipanga mwenyewe, usiku mmoja: wasifu wake, ratiba ya ibada, picha yake akiwa na kitenge cha bluu. Programu niliyotumia haiuzwi tena, na faili ninalo lakini halifunguki. Nimejaribu kwenye kompyuta tatu. Nakala ya karatasi iliyobaki imekunjika pale pale penye jina lake, wino umeanza kutoka. Sikudhani mtu anaweza kumpoteza mama yake mara ya pili kwa namna hiyo.

Faili la troff la wakati wa Ossanna lingefunguka jioni hii. Ni maandishi matupu, na katikati yake mistari inayoanza kwa nukta: .br kukata mstari, .sp kuacha nafasi. Jicho la mtu linalisoma hata pasipo programu yoyote. Mwaka 1990 James Clark alitoa groff, mrithi wa troff, na hadi leo mtu anayetumia mfumo wa Linux akiandika neno man kutafuta maelezo ya amri fulani, kwa kawaida groff ndiyo inayompangia ukurasa. Sidhani wengi wa watumiaji hao wamewahi kulisikia jina la Ossanna.

Kernighan hakumsahau. Mwaka 2019 alichapisha kumbukumbu zake za Unix, na kurasa za kitabu hicho alizipanga mwenyewe kwa groff. Kwa hiyo hata mahali anapomtaja Ossanna, herufi zimekaa kwenye mstari kwa ustadi uliotoka mikononi mwa marehemu. Nilipoligundua hilo nilifunga kitabu, nikakaa kimya kwa muda.

Nimeanza kukiandika upya kijitabu cha mama, kwa nukta. Mstari wa kwanza ni .ce, amri ya kuweka maneno katikati ya ukurasa. Wa pili ni jina lake.