Wati 500 za Karatasi



Kompyuta hailishwi umeme kama utokavyo ukutani. Umeme wa nyumba zetu ni volti 230, nayo yataka volti 12, 5 na 3.3. Kazi ya kuugeuza ni ya kile kisanduku cha bati chenye feni, kiitwacho pawasaplai. Kisanduku kibovu chaweza kuharibikiwa peke yake, tena chaweza kuiunguza kompyuta nzima.

Kompyuta ya shule yetu hapa Majengo, Mpanda, ilipozimika, wazazi walichanga fedha, nami nikatumwa kununua kisanduku kingine. Wengi wao ni wakulima wa mahindi na tumbaku, na kila shilingi yao ina jasho. Nalikuta viwili vilivyokwisha tumika, vyote vimeandikwa wati 500, kimoja kwa nusu ya bei ya mwenziwe. Muuzaji akakubali fundi avifungue.

Fundi akaniambia, “Mwalimu, usisome karatasi, soma tumbo. Lakini usiguse, kapasita kubwa huweza kushika volti zaidi ya 300 hata waya ukichomolewa.”

Katika kile cha rahisi, mahali pa koili za kuchuja umeme palikuwa pamechorwa, lakini koili hazikutiwa. Pameungwa kwa waya mtupu. Transfoma ilikuwa ndogo, vipande vya aluminiamu vya kupozea vyembamba, na kapasita zake zimeandikwa digrii 85. Kile cha pili kilikuwa na koili zake zote, kizuizi cha umeme unaopanda ghafula, aluminiamu pana, na kapasita za digrii 105, ambazo hustahimili joto zaidi.

Katika mji huu, ulioendeshwa kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, umeme kukatika na kurudi kwa kishindo si jambo geni. Basi kilichoachwa ndicho hasa tulichokihitaji. Tukanunua cha ghali.

Mkutanoni mzee mmoja aliuliza kwa nini nimelipa maradufu. Nikamweleza niliyoyaona, akasema, “Basi yule aliuza bati, mwanangu.”

Wahenga husema kizuri chajiuza. Lakini vile viwili vilijiuza sawasawa mpaka parafujo nne zilipofunguliwa. Nawe usiye na fundi, kipime mkononi, maana chepesi mno kimepunguzwa kitu. Tazama unene wa nyaya. Chungulia ndani kupitia matundu ya feni. Mtengenezaji asiye mwaminifu hupunguza pale asipotazama mnunuzi. Tutazame papo hapo.