Huyu Ndiye Tuliyemwanikia Betri

Mwaka 2003 Miyuji, hapa Dodoma, ilikuwa bado ya vumbi na mashamba ya mtama. Kwetu umeme ulikuwa haujafika, na taa za mji tulizitazama kwa mbali upande wa kusini. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa na redio nzuri mtaani, ya betri nne kubwa, na betri zikianza kuchoka alizianika juani mchana kutwa ili usiku zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Siku Simba ilipocheza na Zamalek kule Cairo alizianika tangu asubuhi, ingawa yeye alikuwa Yanga wa damu.

Zamalek walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Simba ilikuwa imewafunga 1-0 Dar es Salaam, bao la Emmanuel Gabriel, na wengi wetu tuliamini kwao watalirudisha na kuongeza. Wakarudisha moja tu. Zikaja penalti, Simba ikashinda 3-2 na kuingia hatua ya makundi. Jina lililobaki masikioni mwetu usiku ule lilikuwa la golikipa ambaye alikuwa hajafikisha miaka 20: Juma Kaseja. Mjomba alizima redio haraka ili kutunza betri, kisha akakaa gizani kimya. Nilimuuliza kama ameumia kwa Simba kushinda. Akasema, "Mjomba, leo hakuna Simba."

Penalti ya mwisho, ile iliyomaliza kazi, ilipigwa na Christopher Alex Massawe. Huyo nitamrudia, maana habari yake iliishia hapa hapa kwetu.

Kaseja nilimwona kwa macho Uwanja wa Jamhuri, Simba ilipokuja kucheza na Polisi Dodoma. Nilikaa nyuma ya goli makusudi. Kilichonishangaza kwanza ni kimo chake. Tulizoea makipa warefu, na huyu hakuwa mrefu hata kidogo. Cha pili ni mdomo. Hakunyamaza dakika moja. Aliwaita mabeki kwa majina, aliwasukuma kwa mikono wakati wa kona, na mmoja alipozembea alimfuata mpaka nje ya kumi na nane kumfokea, na yule beki kwa umri ni kaka yake. Sisi wa Simba tulifurahi. Tulisema huyu ana roho ya ushindi. Watu wa Yanga waliokaa jirani walisema ana nyodo. Nakumbuka vizuri kwamba tulikuwa tunamtazama mtu mmoja akifanya jambo moja.

Ndipo akaitwa Tanzania One, yaani kipa namba moja wa nchi. Jina hilo lilikuwa zito, na nadhani sisi tuliompa hatukujua uzito wake. Kocha Mbrazili, Marcio Maximo, aliyeinoa timu ya taifa, Taifa Stars, kuanzia 2006 hadi 2010, alimweka kando kwa muda mrefu. Tanzania ilikwenda michuano ya CHAN ya kwanza kule Ivory Coast mwaka 2009 bila yeye. Vijiweni hatukukaa na amani. Wengine walisema kocha kamwonea, wengine wakasema kijana kalewa sifa, nidhamu hana. Mimi nilikuwa upande wa kumtetea, mpaka siku aliyohamia Yanga.

Hapo nilibadilika kwa siku moja. Picha yake niliyoikata gazetini na kuibandika ukutani, juu ya kitanda, niliing'oa. Karatasi ilitoka na kipande cha udongo wa ukuta, na lile shimo lilibaki pale miaka mingi. Aliporudi Simba mwaka 2009 nilijifanya sijawahi kumchukia. Msimu huo, 2009/10, Simba ilichukua ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, naye langoni.

Kilele cha mapenzi yetu kilikuwa tarehe 6 Mei 2012. Simba iliifunga Yanga 5-0. Emmanuel Okwi alifunga mawili, na moja kati ya matano yale alilifunga Kaseja mwenyewe kwa penalti. Fikiria kipa anaacha goli lake, anatembea uwanja mzima mbele ya watani, anaweka mpira, anafunga. Tulikuwa kwenye kibanda umiza tukitazama mechi, tumebanana mpaka mlangoni, na mtu mmoja aliyekuwa amesimama juu ya kreti la soda alianguka nalo kwa furaha. Kama ni nyodo, ile ilikuwa nyodo kweli. Lakini ilikuwa nyodo yetu, kwa hiyo tuliiita ushujaa.

Mwaka mmoja baadaye Simba ikaachana naye. Tulishaanza kumzomea kabla ya hapo. Kila bao lililoingia lilikuwa kosa lake, hata lililopigwa kutoka mita tatu. Alipopiga kelele kwa mabeki tulisema anatafuta wa kumtupia lawama. Aliponyamaza tulisema hana uchungu na timu. Yalisemwa na maneno mengine mazito zaidi, yasiyo na ushahidi wowote. Siyarudii hapa, maana kuyarudia ni kuyasambaza upya.

Akasajiliwa tena Yanga. Tarehe 21 Desemba 2013, katika mechi ya watani iliyoitwa Nani Mtani Jembe, Simba ilishinda 3-1. Bao la tatu, la Awadh Juma, lilitokana na kosa lake kipa, kosa la wazi ambalo kila mtu aliliona. Kibanda kizima kilisimama. Mimi nilipanda juu ya benchi nikamtukana tusi ambalo nisingelitamka mbele ya mama yangu. Mjomba alikuwepo, ameketi nyuma na fimbo yake, timu yake ndiyo imefungwa. Wenzake wa Yanga walikuwa wakimtukana Kaseja kuliko sisi. Yeye hakusema neno mpaka tulipofika nje kwenye baridi ya usiku. Akanishika bega. "Mjomba, huyu ndiye tuliyemwanikia betri."

Sikumjibu. Nilikuwa na furaha ya ushindi na sikutaka iharibiwe.

Yanga hawakukaa naye muda. Waliachana kwa mgogoro wa mkataba, na jina lake likapotea kwenye vichwa vikubwa vya magazeti. Alikwenda Mbeya City, baadaye Kagera Sugar.

Februari 2015 tukasikia Christopher Alex amefariki, hapa Dodoma, baada ya kuugua. Mtu aliyepiga penalti iliyowavua Zamalek ubingwa aliugua katika mji huu, nami nilikuwa katika mji huu, na sikwenda hata siku moja kumjulia hali. Ningeweza kwenda kwa baiskeli. Msiba ule ndio ulionifanya nianze kuhesabu upya. Usiku wa Cairo tuliwaimba wote wawili. Mmoja tulimsahau akiwa hai, mwingine tulimkumbuka ili tumtukane tu.

Tarehe 19 Mei 2018 Simba ilikabidhiwa kombe la ubingwa na Rais Magufuli Uwanja wa Taifa. Ilikuwa haijafungwa msimu mzima, na mgeni wa siku hiyo alikuwa Kagera Sugar. Kagera wakashinda 1-0. Mwishoni kabisa Simba ilipata penalti. Okwi akaweka mpira, Okwi yule yule wa 5-0. Golini alikuwa Kaseja. Akaudaka moyo wangu pamoja na mkwaju ule, maana mpira haukuingia. Nilikasirika kwa muda mfupi, kisha nikajikuta natafuta sura yake kwenye televisheni. Alikuwa amenyanyuka, anawapanga mabeki wake. Hakumtazama Okwi, wala hakugeukia majukwaa yaliyokuwa yakimzomea miaka mitano nyuma. Nilijua basi kwamba ama amebadilika, ama mimi ndiye nimepata macho.

Mwaka uliofuata, kocha Etienne Ndayiragije alimrudisha Taifa Stars, akiwa mchezaji wa KMC. Agosti 2019, Nairobi, Stars iliitoa Kenya kwa penalti 4-1 kuwania CHAN. Septemba, Dar es Salaam, ikaitoa Burundi kwa penalti 3-0 kuwania Kombe la Dunia. Warundi hawakupata hata moja. Vijana wa mtaani kwetu, ambao mwaka 2003 walikuwa hawajazaliwa, walipita Miyuji wakiimba jina lake kwa pikipiki. Magazeti yakaandika utulivu, busara, uzoefu. Nyodo, kiburi na ukimya wa kukosa uchungu havikuandikwa tena, ingawa aliyeandikwa ni Kaseja huyo huyo.

Mara ya mwisho nilimwona Jamhuri, KMC walipokuja kucheza na Dodoma Jiji. Nilikwenda mapema, nikakaa nyuma ya goli kama zamani. Alikuwa akipasha na kipa mwenzake. Yule alipokosa mpira mmoja rahisi, Kaseja hakufoka. Aliuokota mwenyewe kwenye nyavu, akampelekea mkononi, akamwambia kitu kwa sauti ya chini ambacho sikukisikia. Nilikusudia kumwita kwenye uzio. Jina lilinikwama kooni.

Mjomba ametangulia mbele ya haki, na redio yake ninayo mimi. Kwa hiyo naandika kile nilichoshindwa kusema uzioni. Ndugu yangu Juma Kaseja, usiku ule wa Desemba 2013 mimi ni mmoja wa waliokutukana, hapa Miyuji, nimesimama juu ya benchi. Naomba unisamehe.