Ark ya Bukhara: ngome ya wafalme iliyojengwa kwa udongo

Mwezi huu tunatembea mbali, mpaka Uzbekistani, katikati ya Asia. Ni inchi kavu: ili mutu wa kule afike ku bahari, anapaswa kuvuka kwanza inchi zingine mbili. Mu muji wa Bukhara, ambako misafara ya ngamia ilikuwa inapita na hariri, kunasimama ngome inayoitwa Ark. Wafalme walikaa humo zaidi ya miaka elfu moja. Wa mwisho alikimbia mwaka wa 1920.

Wazee wa Bukhara wanasimulia hivi. Kijana Siyavush alipenda binti wa mufalme Afrasiab. Baba akamwambia: «Unijengee jumba, lakini lisipite kipimo cha ngozi moja ya ngombe.» Kijana hakubisha. Alikata ile ngozi kamba nyembamba sana, akazifunga pamoja, akazungusha kiwanja kizima. Ndani yake njo akajenga. Hiyo ni hadisi tu, lakini hata leo watoto wa kule wanaijua.

Wachimbaji wa mambo ya kale wanasema ngome ilikuwa pale tangu karne ya 5, pengine mbele yake. Iko juu ya kilima cha karibu meta 20, na kile kilima ni kazi ya watu: kila mara jumba lilipoanguka, walisawazisha mabomoko, wakajenga lingine juu yake. Kuta zinazunguka karibu hektari 4, na urefu wao kwenda juu ni meta 16 mpaka 20.

Kijana mwenye kupiga matofali atauliza: udongo unasimama namna gani sawa nyumba ya etaje tano? Jibu ni hili. Ukuta ni munene sana chini, na unapunguka kadiri unavyopanda. Ndani ya udongo walilaza miti, na vichwa vya ile miti vinaonekana inje mpaka leo. Kisha walivalisha ukuta matofali ya kuchoma. Kufasi ambako matofali yalianguka na hayakurudishwa, mvua imekula udongo, na ukuta umekuwa sawa kilima tu.

Mulango mukubwa, wa karne ya 18, uko kati ya minara miwili. Ukipita hapo unapanda njia ndefu yenye giza, na pembeni kuna vyumba vidogo walimofungwa watu. Juu kuna musikiti wenye nguzo za miti, na kiwanja cha kiti cha kifalme, kilichochongwa kwa jiwe la marmari. Karibu na mulango wa kile kiwanja walijenga ukuta mufupi. Wa nini? Mutu aliyemaliza kusema na mufalme hakuruhusiwa kumupa mugongo. Alitembea kinyumanyuma mpaka nyuma ya ule ukuta, halafu njo akageuka.

Bukhara ilikuwa pia muji wa elimu. Karibu mwaka wa 997, kijana Ibn Sina alisaidia kumutunza mufalme Nuh mwana wa Mansur katika ugonjwa. Akaruhusiwa kuingia mu maktaba ya kifalme, vyumba na vyumba, na masanduku ya vitabu. Baadaye alikuwa munganga mwenye sifa mpaka Ulaya.

Lakini kuta hazikuokoa watu siku zote. Mwaka wa 1220 Genghis Khan alifika. Muji ulifungua milango, lakini askari walibaki mu ngome wakipigana. Wamongoli wakasukuma wenyeji wenyewe mbele, ili shimo la kuzunguka ngome lijazwe. Ngome ikaanguka, na muji ukateketea kwa moto.

Miaka mia sita baadaye, emiri Nasrullah alitawala kwa woga. Alifunga Waingereza wawili, Stoddart na Conolly. Stoddart alitupwa mu shimo la gereza karibu na ngome, lenye wadudu. Mutu alishushwa kwa kamba. Mwaka wa 1842 wote wawili waliuawa.

Mwezi wa 9 mwaka wa 1920, jeshi jekundu la Frunze lilipiga Bukhara kwa mizinga na ndege. Emiri Alim Khan akakimbia, na akakufa Kabul mwaka wa 1944. Ndani ya Ark sehemu kubwa ikaungua; mpaka leo mingi ni mabomoko tu.

Sasa Ark ni nyumba ya makumbusho, na tangu 1993 muji wa kale wa Bukhara uko mu orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mutoto wa fundi wa matofali anaingia kwa mulango mukubwa, anaangalia kiti cha emiri, halafu anakipa mugongo na kwenda zake. Hakuna mutu wa kumukataza.