Isiolo Bila Kizuizi

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapoyatazama magofu ya Pate katika Al-Inkishafi, huzuni yake haihitaji kujitetea. Kumbi zimekuwa makao ya popo, wenyewe wamo makaburini, na msomaji huwa na sababu ya kulia kabla hajaanza kutafakari. Mapokeo hayo, yenye ndugu zake katika kasida za Kiarabu zinazofunguliwa kwa kuyalilia mahame, yametuzoeza kudhani kwamba mahali tulipopapenda hutuvunja moyo kwa kuporomoka tu. Je, tuiteje simanzi ya mtu arudiye akapakuta pamestawi?

Swali hili lilinijia Isiolo mwaka 2019. Mara ya kwanza nilifika huko mwaka 1994, nikiwa mwanafunzi, wakati lami ilipoishia hapo na safari ya kaskazini ikaanzia kwenye kizuizi cha polisi. Malori ya Marsabit na Moyale yalingoja msafara wa kusindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Tulikaa siku mbili. Vijana walituuzia bangili za shaba na visu. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru walipishana vivulini. Na mzee mmoja, ambaye babaye alikuwa mmoja wa askari wa Kisomali wa KAR waliopewa makao pale baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, alitusimulia hadi usiku wa manane. Aliyeshika njia ya Nairobi, wenyeji walisema, "anakwenda Kenya". Kauli hiyo niliitunza kama johari na kuirudia darasani miaka mingi.

Kauli hiyo, bila shaka, haikuzaliwa na utani. Sheria za kikoloni za 1926 na 1934 ziliifanya kaskazini kuwa eneo lisiloingiwa wala kutokwa bila kibali. Kisha vikaja Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967. Kizuizi nilichokikuta kilikuwa mrithi wa hayo yote.

Safari ya pili, lami ilikuwa imekwisha kufika Moyale, mwendo wa kilomita takriban 500, na uwanja mpya wa ndege ulikuwa umefunguliwa mwaka 2017. Basi langu lilisimama kwa dakika kumi. Hakuna aliyengoja, na kwa hiyo hakuna aliyesimulia. (Wanafasihi simulizi wameandika mengi juu ya fanani na hadhira, lakini machache juu ya hadhira iliyokwama na isiyo na pa kwenda.) Nilizunguka mji kutwa nzima nikiutafuta mji mwingine.

Jioni nilimweleza jambo hili mama mmoja auzaye maziwa ya ngamia, ambayo wanawake wa Isiolo huyakusanya kutoka mabomani na kuyapeleka Eastleigh kwa basi. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulikaa pale siku mbili. Maziwa hayakai siku mbili."

Hapa ndipo ninapouona upungufu wa mapokeo niliyoyataja. Kule Pate hakuna anayemjibu mshairi. Maswali yake huelekezwa kwa moyo wake mwenyewe, na anaowaulizia wamekwisha kufa, nao hawana bei ya kutaja. Mahali panapoishi hujibu. Hata hivyo sikubali kwamba jibu la mama yule liliifuta simanzi yangu, kwani masimulizi ya mzee yule yamepotea kweli, na lami haikuyabeba.

Wala mama mwenyewe hakuwa ameridhika. Tangu mradi wa bandari ya Lamu na ushoroba wake uzinduliwe mwaka 2012, alisema, wageni wamekuwa wakiulizia viwanja. Malisho ya ngamia wake ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu isajiliwe, lakini yeye hakuwa ameona hati yoyote. Alinyosha mkono kuelekea nje ya mji, kwenye vigingi vipya vyenye rangi nyeupe, akaniuliza kama kule chuoni tunamfahamu aliyevipigilia.