Ganzi ya Vidole vya Malenga

Kiswahili hakina uchache wa maneno ya maumivu. Kichwa huwanga, tumbo husokota, mbavu huchoma, jino huuma. Lakini mtu mzima akisema kwamba nyayo zinamtambaa kana kwamba amekanyaga sisimizi, jamaa na majirani aghalabu huwa na jawabu moja tu la kumpa, nalo si jina la ugonjwa: "Utu uzima huo." Pengine huongezwa baridi yabisi, na kichupa cha mafuta ya karafuu ya kuchulia.

Malenga mmoja wa Mji Mkongwe, aliyekwisha kupita miaka 70, aliridhika na jawabu hilo kwa muda wa miaka miwili. Miguu ilitangulia. Ndara ilikuwa ikimchopoka njiani asijue, mpaka mtoto wa watu amwite, "Babu, kiatu chako!" Alfajiri, akitia udhu na kufumba macho ili aoshe uso, alipepesuka na kushika ukuta. Kisha vikafuata vidole. Mtu huyu mizani alikuwa akizihesabu kwa kidole gumba: kikigusa vidole vinne mara mbili zimetimia nane, ukwapi umekamilika, mara mbili tena, na utao umekwisha. Hakuwa na haja ya kutazama. Mizani zilipoanza kumpotea, saba hapa na tisa pale, wenziwe barazani walinong'ona kwamba akili ndiyo inayochakaa. Kumbe sikio lake lilikuwa zima. Gumba liligusa, na kidole hakikurudisha habari.

Daktari aliyemsikiliza kwa makini alimuuliza mambo mawili ambayo hayakuwahi kuulizwa nyumbani: anakula nini, na anameza dawa gani. Chakula chake kilikuwa chai na mkate asubuhi, mhogo au wali mchana, na chai tena usiku. Kisiwa kimezungukwa na samaki, lakini meno yalikuwa yamekwisha, pweza hatafuniki, na kipande kizuri cha kitoweo alikisukuma upande wa wajukuu, kama wafanyavyo wazee wengi wenye mapenzi. Ama dawa, ilikuwa metformini ya kisukari, aliyoitumia kwa miaka mingi. Dawa hiyo ni njema, lakini ikitumiwa muda mrefu huweza kupunguza uwezo wa mwili kupokea vitamini B12. Hali kadhalika dawa za kupunguza tindikali ya tumbo.

Vitamini hiyo haimo katika mboga wala nafaka. Hupatikana katika samaki, chaza, nyama, ini, mayai na maziwa. Mwili huhitaji kiasi kidogo mno, kama mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini la binadamu huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu huja kwa kunyemelea. Tena kula peke yake hakutoshi. Tindikali ya tumbo ndiyo huibandua vitamini kutoka kwenye chakula, kisha protini maalumu inayotolewa na ukuta wa tumbo huipokea na kuisindikiza hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Katika uzee tindikali hupungua kwa wengi, na hapo mtu huweza kula samaki kila siku na bado akapungukiwa. Utando unaoikinga mishipa ya fahamu, mfano wa mpira juu ya waya wa umeme, huanza kuharibika.

Nyumbani kwa malenga lilitokea jambo la kuogofya zaidi, nalo lilikuja kwa sura ya heri. Alipoonekana amepauka, alinunuliwa vidonge vya kuongeza damu. Rangi ikarudi, watu wakashukuru. Vidonge vya namna hiyo aghalabu huwa na asidi ya foliki, ambayo huweza kuirekebisha damu ilhali mishipa ya fahamu inaendelea kudhurika kimyakimya.

Kabla ya mwaka 1926, upungufu mkali wa aina hii ulikuwa ukiua. Mwaka huo George Minot na William Murphy, huko Boston, walieleza jinsi wagonjwa walivyopata nafuu kwa kulishwa ini kwa wingi. Vitamini yenyewe ilitengwa mwaka 1948, ikaonekana kuwa fuwele nyekundu. Na dawa aliyochomwa malenga ilikuwa nyekundu vilevile, kama sharbati. Mwanzo sindano zilifuatana kwa karibu, kisha zikaachanishwa. Baada ya miezi, vidole vya mikono vilianza kurejesha habari. Nyayo hazikurejea zote. Mshipa uliokaa na dhara kwa muda mrefu huenda usipone kabisa, na miaka miwili ya "utu uzima huo" hairudishwi kwa sindano.

Si kila ganzi ni ya vitamini. Kisukari chenyewe huileta, na huyu bwana huenda alikuwa na sababu zote mbili. Ukoma nao huileta, na maradhi ya tezi ya shingo. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja, uso ukapinda au ulimi ukawa mzito, ni dalili ya kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Wala si salama kumeza ovyo vidonge vya mchanganyiko wa vitamini B, kwani B6 ikizidi huzua ganzi yake yenyewe.

Metformini hakuiacha, hupimwa damu kila baada ya muda. Mkaza mwana humchambulia samaki, na pweza humpondea kinuni baada ya kumchemsha sana. Ndara zimebadilishwa kwa viatu vyenye mkanda wa nyuma, na taa ya msalani haizimwi usiku.