Mkorosho Ulio Kwenye Kibao

Kwenye kona ya barabara yetu, huku Kigamboni, kuna kibao cha chuma kilichoandikwa BARABARA YA MKOROSHONI. Mgeni akifika mara ya kwanza hugeuza shingo huku na huku akiutafuta huo mkorosho. Anaona kuta, mageti, nguzo za umeme na vumbi. Mkorosho haupo. Niliukata mimi.

Nilinunua kiwanja mwaka 2017, mwaka mmoja baada ya daraja kufunguliwa, wakati ambao kila dalali mjini alikuwa na "kiwanja kizuri upande wa pili". Hapa palikuwa shamba la mikorosho. Mpima alishaweka bikoni, greda likapita likifuata mistari ya ramani, likang'oa kila kilichokuwa mbele yake. Ulisalia mti mmoja, na ulisalia kwa bahati tu: ulikuwa nje ya kiwanja changu, kati ya bikoni yangu na pale magari yanapopita.

Naomba nieleze hapo kidogo, maana ndipo penye mambo. Kwenye ramani, barabara yetu ina upana wa mita 12. Sehemu inayopitwa na magari haifiki hata mita 6. Kinachobaki ni ukanda wa kama mita 3 kila upande, unaoitwa hifadhi ya barabara. Kwenye ramani yetu ukanda huo ni mweupe. Hakuna mtaro uliochorwa, hakuna njia ya miguu, hakuna mti. Na sisi watu wa viwanja tukiona peupe hatuna subira. Mmoja kamwaga kokoto zake, wa pili kajenga mteremko wa zege wa kuingilia getini, wa tatu kaweka kibanda cha vocha. Wa nne, yaani mimi, akaukuta mti.

Ulikuwa mti mzuri, nisidanganye. Mkorosho hauendi juu sana, unatanda. Matawi yake ya chini yalikaribia kugusa ardhi, watoto wakawa wanapanda bila ngazi na kurudi nyumbani nguo zina madoa ya utomvu yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Msimu wa mabibo harufu ilikuwa inakupokea tangu kwenye kona. Chini yake alikaa mama mmoja muuza vitumbua, na pembeni yake vijana wa bodaboda. Hicho kilikuwa kituo chetu, soko letu na ofisi yetu ya habari.

Fundi wangu hakuupenda tangu siku ya kwanza. "Bosi, huu mti utakusumbua. Mizizi itapasua fensi. Halafu lori la mchanga litaingiaje?" Kuhusu fensi sijui alikuwa na hakika gani. Kuhusu lori alisema kweli. Nikatoa shilingi 60,000, wakaja vijana wawili na msumeno, kufikia adhuhuri wamemaliza. Sikumwomba mtu ruhusa, na hakuna aliyeniuliza.

Jioni nilimkuta yule mama anafunga meza yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Ungeniambia jana, ningehama mapema." Basi. Hakuongeza neno. Alijaribu mwavuli kwa wiki mbili tatu, jua likamshinda, akahamia barabara kubwa. Bodaboda nao wakamfuata. Mimi nikapata njia ya lori.

Mwaka 2022, wakati wa zoezi la anwani za makazi, tuliitwa kwenye mkutano tutoe majina ya barabara. Watu wakapendekeza Upendo, Amani, Mshikamano. Mzee mmoja akapendekeza jina lake mwenyewe, kwa hoja kwamba alitangulia kuvuta maji. Yule mama, ambaye bado anaishi barabara ya nyuma, alinyoosha mkono mwishoni. "Andikeni Mkoroshoni. Bodaboda mpaka leo wanapaita hivyo." Watu wakapiga makofi. Wengi wao walihamia baada ya mti kukatwa, hawakujua wanashangilia nini. Wachache wanaojua walinitazama.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikihesabu majina. Mikocheni. Mwembechai. Mkwajuni. Mbuyuni. Mnazi Mmoja. Dar es Salaam watu walielekezana kwa miti muda mrefu kabla ya kuelekezana kwa namba. Sisi wa viwanja vipya tunaelekezana kwa kitalu: Kitalu C, Kitalu D, kama magunia ghalani.

Hata hilo la kivuli, mji huu una historia nalo. Wakoloni waliugawa: uzunguni, uhindini, uswahilini. Eneo la Mnazi Mmoja liliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na upande wa pili. Oysterbay, iliyopangwa kwa ajili ya Wazungu, ilipewa viwanja vikubwa, nyumba zikakaa mbali na barabara, miti ikapata pa kutandia. Kariakoo ikapewa viwanja vidogo, nyumba ikagusana na mtaa. Anayesema miti ya barabarani ni pambo la wenye nazo, na atembee kwa miguu saa 7 mchana katika sehemu hizo mbili, kisha arudie maneno yake. Kivuli kilipangwa, na kilipangiwa watu fulani. Tulipokuja kujipimia viwanja wenyewe tuliweka hesabu ya upana wa barabara, ila kivuli tukamwachia kila mtu na geti lake.

Wiki iliyofuata mkutano nikaanza kupanda. Kosa la kwanza lilikuwa mwashoki, kwa sababu kila geti la maana lina mwashoki. Ni mti maridadi, umenyooka kama askari wa gwaride, na kivuli chake kinamtosha kuku mmoja. Kosa la pili ni udongo: greda lilikuwa limekwangua ule mweusi wa juu na kushindilia uliobaki, jembe likawa linadunda. Ilibidi nichimbe shimo la mita nzima na kununua udongo, mimi niliyenunua shamba! Nikapanda mwarobaini. Ukafika kwenye nyaya, wakaja vijana wa kusafisha laini wakaukata kichwa. Sikuwa na la kuwalaumu.

Ikabaki upande wa pili wa barabara, usio na nguzo. Lakini hapo ni mbele ya jirani, na jirani aliogopa majani yataziba mtaro wake. Tuliongea miezi minne. Tulielewana tu nilipokubali kufagia mimi. Nilikuwa nikimwagilia kwa ndoo huku nikiwaza mchora ramani wetu. Angechora nyaya upande huu na miti upande ule, bomba la maji lipite wapi, shimo la mti liwe na ukubwa gani, kona ziachwe wazi ili dereva aone anayekuja. Kalamu ingemaliza kwa asubuhi moja. Na mkorosho angeuona, kwa sababu ulikuwepo kabla yake.

Mwarobaini huo wa upande wa pili sasa umenipita kimo. Wiki iliyopita yule mama alikuwa anapita na ndoo yake ya vitumbua, akasimama. Akaweka ndoo chini, akasogea mpaka karibu na shina, akajipima kwenye kivuli. Kichwa kiliingia, mabega yakabaki juani.

"Bado," alisema, akainua ndoo yake. "Nitapita tena mwakani."