Alichokijua Dalali

Mwaka 2017 nilinunua nyumba ya vyumba vitatu huko Luchelele, jijini Mwanza, hatua chache kutoka Ziwa Victoria. Dalali aliyenipeleka alikuwa kijana mcheshi na mwenye adabu. Alinipeleka jioni, jua likizama, akanionyesha mwembe uliokuwa na matunda, akasema, "Dokta, hii ndiyo Capri Point ya watu wasio na makuu." Nilicheka, na nina hakika kicheko kile kiliniongezea bei. Nilimwuliza kuhusu umeme, maji ya bomba, na hali ya barabara wakati wa mvua. Yote alinijibu kwa ukweli. Sikumwuliza ziwa lilipata kufika wapi, kwa kuwa haikunipitikia kamwe kwamba ziwa ni kitu kinachotembea.

Masika ya 2020 lilitembea. Ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho halikuwa limekifikia tangu 1964, na maji yakakaa sebuleni kwangu kwa wiki kadhaa. Mvuvi mmoja mzee, jirani yangu, alikuja kunisaidia kubeba makabati. Alisema, bila mshangao wowote, kwamba baada ya zile mvua kubwa za 1961 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, na kwamba pale iliposimama nyumba yangu watu walikuwa wakiegesha mitumbwi. Kwa miaka mitatu mzee huyu alikuwa ameniona nikipaka rangi na kupanda maua. Nilipomtazama, alisema tu, "Hukuuliza, mwanangu."

Baada ya hapo ndipo nilipofanya kile ambacho mtu mwenye shahada ya uzamivu angepaswa kukifanya mwanzoni: nilichukua kamba nikapima. Kutoka ukingo wa kawaida wa maji hadi ukuta wangu ni mita 41. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za bahari, ziwa la asili au mto. Karatasi yangu ya mauziano, yenye mihuri na sahihi za mashahidi, haina neno hata moja kuhusu mita hizo.

Mwaka 2022, maji yakiwa yamerudi, niliamua kuuza. Dalali wa safari hii alikuwa mtu mzima, mzoefu. Alitazama ule mstari wa rangi ya kahawia uliozunguka kuta, usawa wa magoti, akasema kwa upole: "Mzee wangu, tupige plasta, tupake rangi, tuuze mwezi wa saba." Malipo yake yangekuwa asilimia kumi ya bei, na bila mauzo hapati kitu. Sikumwona kuwa mtu mwovu. Alikuwa na watoto wa kusomesha kama mimi.

Hapa sheria yetu ina jambo ambalo wengi hatulijui. Tumezoea kusema kwamba mnunuzi na ajihadhari mwenyewe. Ni kweli kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haihesabu kunyamaza peke yake kuwa ni udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu kusema. Lakini kifungu hichohicho cha 17 kinakuhesabu kuficha kwa vitendo jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu. Kwa hiyo dalali aliyeniuzia, aliyekaa kimya, huenda yuko salama. Mimi, siku nitakapochovya brashi kwenye kopo la rangi, siko salama tena. Mfumo huu unanitatiza, kwa sababu anayenyamaza na anayepaka rangi wanamfikisha mnunuzi kwenye maji yaleyale. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya kusajili mawakala wa majumba tangu 1984. Hata huko madalali wa vichochoroni wapo, ila angalau ipo bodi ya kupelekewa malalamiko.

Sikupaka rangi. Alikuja mama mmoja, muuguzi mstaafu, akiwa na mafao yake ya utumishi wa miaka mingi. Nilimwonyesha mstari, nikamtajia mita 41. Dalali aliinamisha kichwa. Yule mama alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Na wewe, mwalimu, ulipouziwa hukuambiwa?" Nikasema hapana. Alinishukuru, akaondoka, na dalali hakupokea simu zangu tena. Wateja wengine wawili nao waliondoka vivyo hivyo, mwisho nikarudi kuishi humo mwenyewe. Kwa miezi kadhaa nilijiona mtu mwadilifu, tena nilisimulia kisa hiki darasani.

Agosti 2023 nyumba ya jirani, iliyofurika pamoja na yangu, iliuzwa. Kuta zilikuwa mpya, nyeupe kabisa. Aliyenunua ni kijana mfanyabiashara, mwenye mke na watoto wawili. Alikuja kujitambulisha na kuazima ngazi. Nilimkaribisha chai. Nilijiambia kwamba mauzo yamekwisha, fedha zimelipwa, na kwamba mimi si muuzaji wala dalali. Kumwambia sasa ni kumkosesha usingizi bure. Nikampa ngazi.

Mei 2024 ziwa lilipanda kupita hata kiwango cha 2020. Usiku mmoja alibisha hodi, viatu mkononi, suruali imelowa hadi magotini. "Kaka," aliniuliza, "ulikuwa unajua?"

Nilimwambia ndiyo. Kisha tukaenda kwake kubeba makabati, na njia nzima hakunisemesha.